Jinsi ya kuendesha maabara ndogo ya vipimo huku Kusini mpaka msimu wa korosho ukukute bado umesimama

Hii naiandika kwa mtu wa maabara anayetaka kufungua ya kwake binafsi huku kwetu, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa, popote pale, na pia kwa yule ambaye tayari kafungua, wagonjwa wanaingia kila siku lakini mwisho wa mwezi hela haionekani ilipoenda. Mimi nimefanya kazi hii Masasi mjini miaka kadhaa sasa na kitu ambacho natamani mtu angenikalisha chini akaniambia mapema ni kwamba maabara ndogo huku kwetu haiuawi na kukosa wateja, inauawa na kupima vitu vingi mno. Kipimo ambacho unakifanya mara tatu kwa mwezi kinakula faida ya kile unachokifanya mara thelathini kwa siku, na unaweza kukaa mwaka mzima hujui.

Anza na daftari

Kabla hujaenda Dar kuangalia mashine chukua daftari zunguka wiki mbili. Ingia kila zahanati binafsi, kila kliniki, duka la dawa, salimia vizuri, jitambulishe, alafu usiulize "mngependa vipimo gani" maana hapo kila mtu atakutajia vyote. Uliza hivi: wiki iliyopita umeandika vipimo gani, wagonjwa wangapi, na walienda kupima wapi? Tabibu mwenye kumbukumbu nzuri atakwambia malaria kumi na nne, mkojo tisa, sukari sita, FBP (kipimo cha kuhesabu seli zote za damu) nne, na mmoja nilimwandikia homoni akaenda Dar. Hiyo ndo picha ya soko lako. Mimi nilipofanya zoezi hili (nimechelewa, nilishafungua tayari) niligundua vipimo vinane tu vinabeba karibu kazi yote inayoandikwa mjini, na nilikuwa nimenunua vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vya vipimo ishirini na sita.

Hospitali za serikali na za misheni nazo ziangalie vizuri. Masasi kuna Mkomaindo, ukienda mbele kidogo kuna Ndanda ya wamisionari, Mtwara mjini kuna Ligula na sahivi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Lindi kuna Sokoine na Nyangao iko katikati hapo. Hizi zina mashine kubwa kuliko utakayoinunua wewe maisha yako yote, na bei zake huwezi kuzifikia kwa hiyo usijaribu. Wewe shindana kwenye muda.

Huku kwetu muda maana yake ni basi. Mama anatoka Mangaka au ndani kabisa kule Lulindi, kapanda gari alfajiri na mtoto mgongoni, anataka apime, aone daktari, anunue dawa na apate gari la kurudi kabla jua halijazama kwa sababu akilala mjini ni gesti na chakula, hela ambayo hana. Maabara inayofungua saa mbili na nusu inampotezea masaa mawili. Mimi nilibadilisha nikaanza kufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sikuongeza mashine, sikupunguza bei, sikuweka bango jipya, na wateja wa kutoka nje ya mji waliongezeka mpaka nikalazimika kuongeza mtu wa kuchukua damu. Alafu wale wa sukari ya kufunga na wazee wa presha ndo wanapenda asubuhi hiyo hiyo, anakuja hajala, anatolewa, anaenda kunywa chai.

Hesabu ya kipimo kimoja

Hapa ndo tutakaa kidogo maana ndo penye roho ya biashara. Watu wengi wa maabara tunajua kupima, hatujui kipimo kinatugharimu shilingi ngapi.

Tuchukulie FBP. Namba nazoweka ni za mfano, wewe utaweka zako kutoka kwenye risiti zako. Mashine umenunua milioni 12, unategemea ikae miaka 5, hiyo ni laki 2 kwa mwezi. Kontroli, yaani sampuli yenye majibu yanayojulikana ya kukagulia mashine, elfu 150. Vitendanishi ambavyo mashine inakunywa yenyewe kila asubuhi ikiwashwa na kila jioni ikioshwa, kabla hata damu ya mtu haijaingia, elfu 120. Akiba ya fundi elfu 80. Jumla 550,000, na hiyo unalipa hata asipokuja mtu. Sasa kwa kila mgonjwa: kitendanishi 1,500, tyubu, sindano, glavu, pamba na karatasi 1,100, jumla 2,600. Unatoza 10,000, inabaki 7,400. Gawanya 550,000 kwa 7,400 unapata 74 na ushee, yaani wagonjwa 75 kwa mwezi ndo umerudisha tu gharama ya mashine, ukifungua siku 26 ni kama watatu kwa siku. Kodi ya chumba, mishahara, umeme bado havijaingia hapo.

Sasa ngoja uone. Ukikubali kumpa mtu elfu 3 kwa kila mgonjwa anayekuletea, inabaki 4,400, na wagonjwa unaowahitaji wanapanda mpaka 125. Ukipewa bei ya mkataba ya 6,000 na taasisi fulani, inabaki 3,400, unahitaji 162. Mashine ni ile ile, kazi ni ile ile, ila umehama kutoka watu watatu kwa siku kwenda zaidi ya sita. Hii hesabu ifanye kwa kila kipimo, na kile ambacho hakirudishi gharama zake kwa miezi mitatu mfululizo kitoe kwenye orodha, ukitume kwa maabara nyingine. Inauma kukitoa, unaona kama unajishusha, lakini kitoe.

Kitu cha kuangalia sana ni kopo likishafunguliwa. Kontroli ya FBP ukishaifungua inakaa kama wiki mbili tu hata kama tarehe ya kwenye boksi inasema miezi miwili mbele, na vitendanishi vya kemia vikishakaa ndani ya mashine navyo vina siku zake. Kwaiyo kitendanishi cha vipimo 200 ambacho umetumia 40 kikaharibika, bei ya kila kipimo imezidishwa mara tano. Nunua pakiti ndogo hata kama bei yake kwa kipimo inaonekana kubwa.

Kuna pia hii biashara ya kuwekewa mashine bure ukakubali kununua vitendanishi vyao. Sio mbaya, kwa mwenye mtaji mdogo inaweza kuwa ndo mlango wenyewe, ila usisaini kabla hujauliza mambo haya: kiwango cha chini cha kununua kwa mwezi ni kipi, mashine ikiharibika fundi anafika Masasi baada ya siku ngapi na nauli nani analipa, na je mashine inakubali vitendanishi vya kampuni nyingine au imefungwa. Na ombi moja ambalo wengi hawajui kwamba linaombeka, omba kiwango kihesabiwe kwa mwaka badala ya mwezi. Huku kwetu mwezi wa kumi na moja unaweza kupima mara mbili ya mwezi wa nne, ukifungwa kwa mwezi utakuwa unanunua vitendanishi vya kumwaga.

Vya kufanya mwenyewe na vya kutuma

Maikroskopu nzuri ndo mashine yenye faida kuliko zote huku Kusini na haiombi kontroli ya laki moja na nusu, inaomba macho yaliyofundishwa na rangi iliyochanganywa vizuri. Malaria bado ni nyingi kwenye mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi. Kipimo cha haraka cha malaria kila mtu anacho, mpaka maduka ya dawa, kwaiyo wewe kinachokutofautisha ni slaidi. Vile vya haraka vinavyotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, vinaweza kubaki chanya wiki mbili mpaka nne na zaidi baada ya mtu kupona, kwaiyo mtoto aliyemaliza dawa wiki iliyopita na homa imerudi, kipimo cha haraka hakimsaidii tabibu, slaidi inamsaidia, tena ukiandika idadi ya vimelea na sio alama za kujumlisha (+, ++) peke yake. Tabibu akishaona mara mbili tatu kwamba slaidi zako zinaendana na hali ya mgonjwa wake hakuachi.

Kichocho cha mkojo hivyo hivyo. Huku kipo, na sampuli nyingi zinatolewa asubuhi saa mbili mtu anaambiwa hakuna kitu wakati mayai yanatoka zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na yako zaidi kwenye mkojo wa mwishomwisho. Mwambie mgonjwa atembee kidogo, arudi saa tano, akupe ule wa mwisho, uzungushe kwenye sentrifuji ndo uangalie. Haikuongezei gharama yoyote. Na mtu wa matende akiletwa kutafuta vimelea kwenye damu, wale minyoo wadogo wanatembea kwenye damu usiku, kuanzia saa nne usiku hivi, ukimtoa saa nne asubuhi unamdanganya bure na hela yake umechukua.

Ongeza hapo mkojo wa kawaida, choo, Hb (wingi wa damu), sukari, mimba, kundi la damu, kaswende, homa ya ini B, na kipimo cha selimundu. FBP iingie pale daftari lako litakapoonesha unafikisha ile idadi. Kemia ya figo na ini ifuate baadaye kabisa. Homoni, PSA (ya tezi dume), kuotesha vijidudu, nyama za kupeleka patholojia, hizo tuma. Ingia mkataba wa maandishi na maabara kubwa ya Dar au Mtwara, wao wakupe bei ya jumla, wewe uongeze ya kwako ya kuchukua na kusafirisha. Faida yake ni ndogo kwa kipimo lakini haina kontroli, haina kopo la kuharibika, na mgonjwa hakuhami.

Sampuli ikiharibika njiani

Mwaka wangu wa pili nilikuwa napokea damu kutoka zahanati moja kijijini, bodaboda anabeba kwenye begi, siku hiyo ilitolewa saa tatu ikanifikia saa nane na kidogo, jua la mwezi wa kumi, haijazungushwa, iko kwenye tyubu nyekundu. Nikapima nikatoa majibu, sukari iko chini, potasiamu iko juu sana, ya mtu mahututi. Tabibu akanipigia simu, "Mkuu, huyu mama amekaa hapa anakula muhogo na kucheka na wenzake, hii potasiamu ya nani?" Nilikosea mimi. Damu ikikaa bila kutenganishwa seli zinaendelea kula sukari, inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kwa kila saa, na joto la kwetu linaharakisha, na potasiamu inavuja kutoka ndani ya seli. Mashine ilipima sawasawa kabisa kile ilichopewa.

Kwaiyo sasa ukifanya kazi na zahanati za nje, sheria zangu ziko hivi. Sukari inatolewa kwenye tyubu ya kijivu, yenye dawa ya kuzuia seli zisile sukari. FBP kwenye zambarau, inageuzwa taratibu mara nane, kumi, haitikiswi kama chupa ya dawa, na inifikie siku hiyo hiyo. Kemia, kama zahanati haina sentrifuji basi mgonjwa aje mwenyewe, au mimi nanunua sentrifuji ndogo nawaazima, nimeshafanya hivyo kwa zahanati mbili na imelipa, damu inasubiri nusu saa igande, inazungushwa ndani ya masaa mawili, maji ya juu yanahamishiwa tyubu nyingine, hayo ndo yanasafiri kwenye kiboksi cha baridi. Damu ambayo haijatenganishwa usiiweke kwenye barafu kama unataka potasiamu. Vipande vya barafu visiguse tyubu, zungushia kitambaa au karatasi. Bodaboda mlipe kwa mwezi, mfundishe, mpe namba ya simu ya mtu mmoja wa kumpokea na muda uandikwe kwenye fomu alipotoka na alipofika. Sampuli isiyo na saa ya kutolewa mimi naikataa, na wa zahanati wamezoea.

Widal na vidonda vya tumbo

Hapa najua nitagombana na baadhi ya wenzangu. Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, inauza. Mtu ana homa, kichwa, mwili umechoka, anapimwa Widal inatoka 1:160, anaambiwa taifodi, anapewa dawa za siku kumi na nne, mwezi ujao yuko tena. Widal ya mara moja katika sehemu ambayo watu wengi walishakutana na hao vijidudu haithibitishi kitu, inashika hata kingamwili za zamani na inaweza kuchanganywa na homa nyingine ikiwemo malaria. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu. Mimi niliuza Widal mwaka mzima na kitu, siku moja akaja babu mmoja na bahasha ina majibu matano ya taifodi, matatu ya kwangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nisomee, hii taifodi yangu inapanda au inashuka? Maana nimeshauza mbuzi wawili."

Nilimpima sukari bila kumtoza. Ilikuwa 19, juu mno. Ndo kilichokuwa kinamchosha siku zote hizo. Wiki ile ile nikaitoa Widal kwenye bei zangu, nikazunguka kwa matabibu kuwaeleza kwa nini, nikawaambia homa isiyoeleweka nileteeni nipime malaria kwa slaidi, mkojo, sukari na FBP, na ikibidi kuotesha damu tunatuma. Mapato ya mwezi ule yalishuka kweli, sitaficha, na mwezi uliofuata pia. Yalirudi baada ya hapo kwa sababu FBP ziliongezeka na matabibu wawili waliokuwa wanapeleka wagonjwa kwingine wakahamia kwangu.

Kipimo cha damu cha vidonda vya tumbo nacho kina shida ya aina hiyo, kingamwili inabaki chanya muda mrefu baada ya mtu kutibiwa. Uza kile cha choo kinachotafuta kijidudu chenyewe, na mwambie mgonjwa aache omeprazo wiki mbili na antibayotiki wiki nne kabla ya kupima, la sivyo anaweza kutoka hasi ya uongo.

Ile elfu tatu ya tabibu

Hesabu yake umeshaiona huko juu, kutoka wagonjwa 75 kwenda 125. Lakini shida kubwa sio hesabu. Ukishamlipa mtu kwa kila mgonjwa anayemwandikia kipimo, ataandika vipimo visivyohitajika, na anayelipa ni mkulima wa korosho aliyebakiwa na elfu ishirini. Na siku akitokea wa kumpa elfu nne anahama. Hujajenga chochote hapo. Mimi hela hiyo niliigeuza: nawapigia matabibu simu majibu ya hatari yanapotoka, Hb ya mtoto ikiwa 4 haisubiri bahasha, sukari ikiwa juu sana au chini sana haisubiri, malaria yenye vimelea vingi haisubiri. Mara moja kwa miezi mitatu naenda na karatasi moja inayoeleza kipimo kimoja, kinapimwa lini, kinadanganya lini. Vocha ya simu na mafuta ya pikipiki ni gharama ndogo sana kuliko hiyo asilimia wanayotaka wengine.

Msimu, madeni na umeme

Hela ya huku inaingia kwa mawimbi. Minada ya korosho inaanza kwenye mwezi wa kumi, malipo ya wakulima yanafuata baada ya mnada kupitia Amcos (vyama vya ushirika vya wakulima) na benki, na kuanzia hapo mpaka mwezi wa kwanza mji unachangamka, watu wanakuja kupima vitu walivyokuwa wanavisogeza toka mwezi wa tano. Kwaiyo panga mwaka wako hivyo. Likizo za wafanyakazi, matengenezo makubwa ya mashine, mafunzo, vyote viwe kabla ya mwezi wa tisa. Hela ya msimu igawe siku hiyo hiyo inapoingia: mimi natenga kodi ya miezi sita na mishahara ya miezi minne kwenye akaunti nyingine kabisa, maana mwezi wa tatu na wa nne ukifika kifuku kimekolea, watu wako shambani, hela mifukoni hakuna, na wafanyakazi wako bado wanakula.

Vitendanishi vya mali kauli chukua kwa makubaliano kwamba utalipa wakati wa msimu, wauzaji wengine wa Dar wanakubali ukiwa na historia ya kulipa. Na usiwe na stoku ya wiki moja kipindi cha mvua. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, mwenye boksi moja la vitendanishi alikaa anaangalia mashine yake. Sahivi mwezi wa pili ukianza nahakikisha nina stoku ya wiki sita, nimeangalia tarehe za kuharibika moja moja.

Zahanati zinazoleta sampuli kwa mkopo ziwekee kikomo. Zangu zote zina kikomo cha laki mbili na nusu, ikifika hapo tunasimama mpaka ilipwe, na tuliandikiana toka mwanzo kwa hiyo hakuna kukasirikiana. Mgonjwa mmoja mmoja asiye na hela namsaidia kwa mfuko maalum mdogo, lakini taasisi hapana.

Umeme, jamani. Friji ya vitendanishi inatakiwa kukaa nyuzi 2 mpaka 8 na umeme wetu wa kukatika unaujua. Jumamosi moja ulikatika usiku nikaja Jumatatu nikakuta friji ina nyuzi 17, nikamwaga vitu vya zaidi ya laki sita. Nilinunua kipimajoto kinachotunza nyuzi za juu na za chini kabisa, kinauzwa bei ndogo, nikajaza chupa za maji baridi kwenye nafasi wazi za friji maana zinatunza ubaridi, nikaweka sola na betri kwa ajili ya friji na maikroskopu tu. Mashine ya FBP ina UPS yake. Jenereta ya jumla kwa maabara ndogo inakula mafuta kuliko inachoingiza.

Soko linaelekea wapi

Duniani kampuni kubwa za vipimo zimeenda kwenye mfumo wa maabara chache kubwa na vituo vingi vidogo vya kuchukulia sampuli, Quest Diagnostics na Labcorp kule Marekani wanafanya hivyo, India Dr Lal PathLabs hivyo hivyo, na Tanzania mfumo huo upo tayari, maabara za Dar zinatafuta watu mikoani. Hilo kwako ni nafasi, maana wao wana mashine ila hawana mtu anayeaminika Nachingwea. Wewe ndo huyo mtu.

La pili ni bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, na kadiri watu wengi watakavyoingia bei hutaipanga wewe tena. Machi 2024 mliona hospitali binafsi zilivyosimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya bei za kitita kipya. Maabara itakayobaki ni ile inayojua gharama yake kwa kila kipimo mpaka senti, inaweza kusema hiki nakubali, hiki hapana. Na usiruhusu bima izidi nusu ya mapato yako kama huna akiba ya kusubiri malipo.

La tatu ni magonjwa ya sukari, presha na figo, yanaongezeka na hao ni wateja wa kurudi kila baada ya miezi mitatu. Hapo weka kadi ya kumbukumbu, mpigie simu tarehe yake ikifika, mama wa kisukari anayerudi mara nne kwa mwaka ana thamani kuliko watu kumi wa kupita. Ukija kuanza HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kumbuka mtu mwenye selimundu seli zake haziishi muda mrefu, majibu yanaweza kutoka chini kuliko ukweli, muulize kwanza.

Kuna na hivi vifurushi vya "chek-ap ya mwili mzima", na vile vijimashine vya kushika fimbo mkononi inatoa kurasa ishirini za magonjwa. Hicho cha fimbo sio kipimo, usikiweke kwenye chumba chako hata kwa dakika moja. Theranos ya Marekani ilisema inaweza kupima mamia ya vipimo kwa tone la damu la kidoleni, ikathaminiwa kwa mabilioni ya dola, ikaanguka kwa sababu mashine haikuwa inafanya hivyo, na mwanzilishi wake Elizabeth Holmes alihukumiwa kifungo 2022. Kifurushi kizuri ni kidogo: sukari, presha, mkojo, Hb, na kreatinini kwa wenye umri mkubwa.

Makaratasi

Bodi ya Maabara Binafsi za Afya ndo inasajili maabara, chini ya sheria ya 1997, na kila anayepima awe amesajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya na leseni yake haijaisha. Vitendanishi na mashine viwe vimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. TIN, leseni ya biashara, mashine ya EFD, mkataba wa kuchoma taka na sindano, hayo unayajua. Majibu ya WhatsApp tuma kwa mgonjwa mwenyewe au tabibu aliyemwandikia kwa ridhaa yake, sio kwa shemeji aliyepiga simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na mji wetu ni mdogo, jibu moja la mimba likivuja umefunga. Kontroli kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, iandikwe, ichorwe kwenye grafu, na jiunge na upimaji wa ubora wa nje, ule wa kutumiwa sampuli kukagua majibu yako, hata kwa malaria peke yake.

Kufungua tawi la pili

Kila mtu akipata hela ya msimu anawaza tawi, Nachingwea, Newala, mwezi wa kumi na mbili ndo vyumba vinatafutwa. Usikodi chumba mwezi huo. Tafuta zahanati pale, weka mtu wako mmoja wa kuchukua sampuli, kiboksi cha baridi na bodaboda, alafu hesabu mwezi wa pili, wa tatu na wa nne, wakati hela ya korosho imeshaisha. Ukiona sampuli nane kwa siku zinakuja wiki tatu mfululizo ndani ya miezi hiyo, nenda kaongee na mwenye nyumba.